Mashabiki Waliokataa Kumzika Barnabas

Usiku mmoja katikati ya miaka ya 1960, Dan Curtis, mtayarishaji wa televisheni aliyejulikana zaidi kwa vipindi vya gofu, aliota ndoto. Alimwona msichana mwenye nywele ndefu nyeusi ameketi peke yake ndani ya treni, anakwenda kumfundisha mtoto katika jumba kubwa asilolijua. Alipoamka alimsimulia mkewe, na haukupita muda mrefu akawasimulia wakubwa wa ABC. Wakati huo ABC ndiyo iliyokuwa ikiburura mkia kati ya mitandao mitatu mikubwa ya televisheni ya Marekani, hasa saa za mchana. Haikuwa na mengi ya kupoteza. Wakamkubalia.

Tarehe 27 Juni 1966 msichana yule akaonekana kwenye skrini. Aliitwa Victoria Winters, treni ikimpeleka Collinsport, mji wa kubuni wa wavuvi katika jimbo la Maine, na kutoka hapo hadi Collinwood, jumba la ukoo tajiri wa Collins lililojengwa juu ya mwamba wa bahari. Tamthilia yenyewe iliitwa Dark Shadows. Ilirushwa nusu saa kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, na ilipokoma Aprili 1971 ilikuwa imefikisha sehemu 1,225. Katika waliokuwa wakiitengeneza, ni vigumu kumpata aliyedhani kwamba kuna mtu atakayeitazama mara ya pili. Hata hivyo imetazamwa mara ya pili, ya tatu na ya kumi, na watu ambao baadhi yao hawakuwa wamezaliwa ilipofutwa. Kazi kubwa ya kuifikisha hapo imefanywa na watazamaji wenyewe.

Tamthilia za mchana za Marekani zilianzia redioni miaka ya 1930, zikidhaminiwa na kampuni za sabuni na bidhaa za nyumbani. Msikilizaji aliyelengwa alikuwa mama aliye nyumbani, mume kazini na watoto shuleni. Zilipohamia televisheni zilibaki na mtindo uleule: ndoa zinazoyumba, magonjwa, siri za ukoo, na sehemu ya Ijumaa inayokatika mahali ambapo lazima urudi Jumatatu. Dark Shadows nayo ilianza hivyo. Bibi wa jumba, Elizabeth Collins Stoddard, aliigizwa na Joan Bennett, nyota wa filamu za Hollywood za miaka ya 1940. Hakuwa amekanyaga nje ya Collinwood kwa miaka kumi na minane, na sababu aliificha. Kulikuwa na kaka mtu mwenye hasira, mtoto mkorofi, na adui aliyerudi mjini kulipiza kisasi. Kulikuwa pia na ukungu, mishumaa na milango inayolia. Watazamaji wa kutosha hawakuwapo.

Mfa maji haachi kutapatapa. Curtis alipoona kipindi kinaelekea kufutwa, aliamua kukitia vitisho vya kweli. Mwenyewe alizoea kusimulia kwamba watoto wake ndio waliomshauri. Kwanza ukaja mzimu wa Josette, mwanamke aliyejirusha kutoka kwenye jabali miaka mingi nyuma, ukishuka kutoka kwenye picha yake ukutani. Kisha akaja mwanamke anayekufa kwa moto na kufufuka kwa moto. Watazamaji wakaanza kuongezeka. Curtis akataka kujua watavumilia mpaka wapi, akaagiza mnyonya damu.

Sehemu ya Aprili 17, 1967 inamfuata Willie Loomis, kijana tapeli aliyesikia kwamba mmoja wa wahenga wa ukoo alizikwa na vito vyake. Usiku anaingia kwenye chumba cha makaburi cha familia ya Collins na kukuta jeneza limefungwa kwa minyororo. Mtu mwenye akili zake angejiuliza kwa nini maiti afungwe minyororo. Willie anaikata. Anainua kifuniko, anachungulia, na uso wake unabadilika kabla sisi hatujaona chochote. Mkono wenye pete unatoka polepole na kumkaba koo. Hapo sehemu ikaisha. Siku iliyofuata mgeni aliyevaa koti refu la mabegani na kushika fimbo yenye kichwa cha mbwa mwitu cha fedha alibisha hodi Collinwood, akajitambulisha kwa adabu kuwa ni binamu kutoka Uingereza. Jina lake lilikuwa Barnabas Collins. Ukutani, karibu na mlango, ilining'inia picha ya mhenga wa karne ya 18 mwenye jina hilohilo na sura hiyohiyo.

Aliyeigiza Barnabas alikuwa Jonathan Frid, mzaliwa wa Hamilton, Ontario, nchini Kanada. Alikuwa na miaka 42. Alikuwa amelitumikia jeshi la majini la Kanada katika Vita vya Pili vya Dunia, akasomea uongozaji wa maigizo Yale, na kwa miaka mingi akacheza Shakespeare majukwaani bila kuwa maarufu. Alikuwa amemaliza ziara ya mchezo mmoja na anajiandaa kwenda California kutafuta kazi ya ualimu, simu ya wakala wake ikamwahi. Kazi yenyewe ilikuwa ya wiki chache tu. Ingempa nauli. Mpango wa waandishi ulikuwa mnyonya damu awatie watu hofu kwa muda, kisha achomwe kigingi moyoni, na tamthilia iendelee na kisa kingine.

Barua ndizo zilizomwokoa. Zilianza kumiminika ABC kwa magunia, kutoka kwa akina mama, wanafunzi wa vyuo na watoto wa shule, na karibu zote zilimhusu Barnabas. Curtis akaona kwamba akimuua huyu atakuwa amekiua kipindi. Lakini mtu anayewaua wasichana usiku hawezi kukaa sebuleni kwa watu kila mchana kwa miaka, ila apatikane wa kumhurumia. Waandishi wakamleta daktari Julia Hoffman, aliyeigizwa na Grayson Hall, ambaye badala ya kumfichua Barnabas alijaribu kumtibu, na bila kutaka akampenda. Kisha, Novemba 1967, wakafanya jambo ambalo tamthilia za mchana hazikuwa zimelizoea. Walimrudisha Victoria nyuma hadi mwaka 1795, na kwa miezi kadhaa hadithi nzima ikakaa huko.

Hapo watazamaji wakamjua Barnabas alipokuwa binadamu: kijana wa kitajiri aliyemchumbia Josette, huku akiwa ameshakuwa na uhusiano na mtumishi wa Josette, Angelique, aliyetoka Martinique. Angelique, ambaye Lara Parker alimwigiza kwa macho makubwa na tabasamu la baridi, alikuwa mchawi. Alipoachwa alilaani. Popo akamng'ata Barnabas. Mdogo wake Sarah akafa. Josette akajirusha jabalini alipoona yule anayempenda amekuwa nini. Baba yake Barnabas, Joshua, mzee mgumu asiyejua kuonyesha mapenzi, alishindwa kumwangamiza mwanawe, akaamuru jeneza lifungwe minyororo. Kumbe ule mnyororo alioukata Willie ulikuwa huruma ya baba. Siku hizi mnyonya damu mwenye majuto ni mhusika wa kawaida katika vitabu na filamu. Mwaka 1967, mchana, kwenye televisheni, alikuwa kitu kigeni kabisa.

Tamthilia ilirekodiwa katika studio ndogo za ABC jijini New York, sehemu moja kila siku ya kazi. Asubuhi waigizaji walifanya mazoezi, mchana wakarekodi mfululizo kana kwamba wanarusha moja kwa moja. Kanda za video za wakati ule zilikuwa ghali, na kuzihariri kulimaanisha kuzikata kwa mkono na kuziunga, kwa hiyo kosa likitokea kazi iliendelea. Matokeo yake yanaonekana hadi leo. Kivuli cha maikrofoni kinapita juu ya paji la uso la mtu anayelia. Jiwe la kaburi linatikisika likiguswa na bega. Fundi wa jukwaa anaonekana akitembea nyuma ya dirisha la nyumba isiyo na watu. Nzi anatua usoni kwa mwigizaji naye anaendelea kutoa laana yake.

Frid mwenyewe aliteswa na kukariri kurasa nyingi kila siku, na alikiri hivyo waziwazi. Mara nyingi anaonekana akitazama pembeni, kule maneno yalikoandikwa kwa ajili ya waigizaji, na katika macho yake kuna woga wa kweli wa mtu asiyejua sentensi inayofuata. Kwa bahati nzuri woga ule ulimfaa Barnabas, mtu anayeishi kwa uongo na kuogopa kugunduliwa kila dakika. Mashabiki waliyajua makosa hayo kwa kichwa na kuyasimuliana. Hawakuyaona kuwa dharau kwao. Waliona watu wazima wenye vipaji wakifanya kazi ngumu kwa muda mfupi na fedha kidogo, bila hata mmoja kucheka.

Kwa muda mwingi wa maisha yake Dark Shadows ilirushwa saa kumi jioni. Saa hiyo ndiyo iliyoamua nani ataipenda. Mama wa nyumbani alikuwa anaanza kuwaza chakula cha usiku, na mtoto ndiyo kwanza ametoka shule. Ukimwuliza Mmarekani aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1968, jambo la kwanza atakalokwambia ni kwamba alikimbia. Alikimbia kutoka kituo cha basi la shule hadi nyumbani, akatupa mkoba, akaketi sakafuni mbele ya televisheni. Hakukuwa na namna ya kurekodi picha nyumbani. Aliyekosa, amekosa, ila asimuliwe kesho yake na mwenzake.

Watoto hao walipewa kitu ambacho vipindi vya watoto havikuwapa. Hakuna aliyerahisisha maneno kwa ajili yao. Waandishi walichota kutoka Dracula, Frankenstein na riwaya za akina Brontë, wakachanganya na safari za wakati na ulimwengu sambamba. Waigizaji walewale waligeuka kuwa watu wengine kila hadithi ilipohamia karne nyingine, kama kundi la maigizo linalobadilisha mchezo. Mwaka 1969 hadithi ilipohamia 1897, David Selby aliigiza Quentin, kijana mtanashati anayegeuka mbwa mwitu mwezi ukiwa mpevu. Muziki wa Quentin, uliotungwa na Robert Cobert, ukapanda hadi nafasi ya 13 katika orodha ya nyimbo zinazouzwa sana Marekani. Kukawa na kadi, michezo ya mezani, vitabu vya katuni, na riwaya zaidi ya 30 zilizoandikwa na Mkanada Dan Ross kwa jina la kike, Marilyn Ross. Sikukuu ya Halloween ya 1969, Frid alialikwa Ikulu ya Marekani kwenye sherehe ya watoto iliyoandaliwa na binti wa Rais Nixon, akaenda akiwa amevaa meno na koti la Barnabas.

Kulikuwa na jambo jingine, ambalo mashabiki wengi walikuja kulisema wakiwa watu wazima. Barnabas alikuwa mtu mwenye siri. Alitaka kukaa mezani na familia yake, akaitwa binamu, akapendwa, na alijua kwamba wakimjua alivyo watamfukuza. Mtoto aliyejihisi hafanani na wenzake, kwa sababu yoyote ile, alimwelewa bila kuelezwa.

Anguko lilikuja haraka. Mwishoni mwa 1969 waandishi walianzisha kisa cha viumbe vya kale vilivyotaka kuitawala dunia, wakamfanya Barnabas kibaraka wao, na watazamaji wakaanza kupungua. Filamu ya sinema ya 1970, House of Dark Shadows, ilimwaga damu nyingi kuliko wazazi walivyotarajia. Zaidi ya hayo, hesabu za biashara hazikukaa vizuri: watangazaji walimtaka mwenye pochi, na aliyekuwa ameketi sakafuni saa kumi alikuwa na senti za peremende. Tarehe 2 Aprili 1971 ikarushwa sehemu ya mwisho. Kwa kuwa hadithi ilikuwa katika mwaka 1841 wa ulimwengu sambamba, Barnabas yule waliyemjua hakuwapo kabisa kuaga. Sauti ya msimulizi ilieleza kwa sentensi chache kwamba waliobaki waliishi kwa amani. Jumatatu, saa ileile, ulikuwapo mchezo wa kubahatisha maneno.

Barua ziliandikwa, simu zikapigwa, ABC haikubadili uamuzi. Kwa kawaida hadithi ya tamthilia ya mchana inaishia hapo. Mitandao ya wakati ule ilikuwa ikifuta kanda ili irekodi juu yake, kwa sababu kanda ilikuwa na thamani kuliko kilichomo, na maelfu ya saa za tamthilia nyingine za miaka hiyo yamepotea kwa njia hiyo. Kanda za Dark Shadows zilisalimika karibu zote. Mwaka 1975 vituo vya mikoani vikaanza kununua haki ya kuirudia, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa tamthilia ya aina hii. Kifurushi kilichouzwa kilianzia na Willie akikaribia jeneza.

Marudio hayo yaliwakuta watoto wa 1968 wakiwa na miaka kumi na saba, ishirini, wenye mishahara midogo na mashine za taipu. Mwaka huohuo wa 1975 jarida la mashabiki, The World of Dark Shadows, likaanza kutoka. Majarida ya namna hiyo yalipigwa taipu nyumbani, yakarudufishwa na kutumwa kwa posta. Ndani yake mlikuwa na mambo ambayo ABC haikuwahi kuyaweka pamoja: muhtasari wa sehemu moja moja, nasaba ya ukoo wa Collins katika karne tatu, orodha ya nani aliigiza nani na katika wakati gani, michoro, na hadithi mpya zilizoendeleza pale waandishi walipoachia. Aliyehamia jimbo ambalo kituo chake hakikuirusha aliandikiana na mwenzake aliyekuwa nayo. Mashine za kurekodia video zilipoingia majumbani, kanda zilianza kusafiri kwa posta kutoka pwani hadi pwani, nakala ya nakala, picha ikififia kila hatua.

Kuanzia 1977 walikutana ana kwa ana katika mikusanyiko ya California, na mwaka 1983 ikaanza Dark Shadows Festival huko Newark, New Jersey, iliyoendelea kwa miongo, mwaka huu mashariki, mwaka mwingine magharibi. Watu walikuja wamevaa makoti ya Barnabas na magauni ya Josette yaliyoshonwa nyumbani. Vitu vilinadiwa na fedha zikaenda kwenye misaada. Waigizaji nao walikuja, na hapa ndipo Dark Shadows ilipotofautiana na tamthilia nyingi: walirudi mwaka baada ya mwaka, wakawajua mashabiki kwa majina. Kathryn Leigh Scott, aliyeigiza Josette, alianzisha kampuni ya uchapishaji na mwaka 1986 akatoa kitabu cha kumbukumbu za tamthilia. Lara Parker aliandika riwaya za Angelique. Frid, ambaye baada ya 1971 alikuwa amejitenga na umaarufu, alianza kusoma hadithi mbele ya mashabiki, na kutokana na usomaji huo akajijengea maonyesho ya mtu mmoja aliyoyazungusha vyuoni na maktabani.

Umati huo uliokwisha kujipanga ndio uliofanya iwezekane kibiashara kuuza tamthilia ya sehemu zaidi ya elfu moja. Kuanzia 1989 kampuni ya MPI ilianza kuitoa yote kwa kanda za VHS, jambo ambalo kwa hesabu za kawaida lingekuwa wazimu: nani atanunua kanda zote hizo za kisa kimoja? Walikuwapo. Na katika kukusanya kanda hizo ndipo ilipogundulika kwamba sehemu moja haipo. Ni ile yenye namba 1219, ya Februari 1971, wiki chache kabla ya mwisho. Kanda ya picha ilikuwa imepotea.

Sauti ilikuwapo. Siku hiyo ya 1971 shabiki mmoja alikuwa ameweka kinasa sauti karibu na televisheni, kama walivyofanya wengi wasiokuwa na njia nyingine ya kubaki na kipindi walichokipenda, kisha akaitunza kanda ile. Watengenezaji waliichukua sauti hiyo, wakaiwekea picha za mnato, na Lara Parker akasimulia yale ambayo sikio peke yake lisingeyajua. Hivyo ndivyo sehemu ya 1219 inavyotazamwa leo katika mkusanyiko rasmi. Mwaka 2012 mkusanyiko mzima ulitolewa katika diski 131, ndani ya sanduku lenye umbo la jeneza.

Wenye fedha wamejaribu mara kadhaa kuifufua. Mwaka 1991 Curtis mwenyewe aliirudisha kupitia NBC, Ben Cross akiwa Barnabas, lakini Vita vya Ghuba vilianza wiki ileile na ratiba ikavurugwa na habari. Ilifutwa baada ya sehemu 12. Mwaka 2012 Tim Burton alitoa filamu, Johnny Depp akiwa Barnabas. Wote wawili ni watoto wa saa kumi, na Depp amesema tangu utotoni alitamani kuwa mtu yule. Frid, Selby, Parker na Scott walionekana kwa dakika chache kama wageni wa karamu. Frid alifariki Aprili mwaka huo, akiwa na miaka 87, wiki chache kabla filamu haijaanza kuonyeshwa. Filamu iliigeuza hadithi kuwa kichekesho kwa kiasi kikubwa, na mashabiki wa zamani wakagawanyika. Waliokasirika walikuwa na hoja: miaka yote hiyo waigizaji wa studio ile ndogo, kuta zikiyumba, hawakuwahi kumkonyeza mtazamaji.

Tofauti hiyo inaeleza mengi kuhusu kilichodumu. Toleo la 1991 lilikuwa na fedha, filamu ya 2012 ilikuwa na nyota na jumba lililojengwa upya, na hakuna kati ya hayo kilichopata jarida, kongamano au mtu wa kuhifadhi sauti yake kwa miongo. Upendo wa aina hii haununuliwi kwa ubora wa picha. Ulijengwa siku tano kwa wiki, kwa watu waliojua kwamba wakikosa hawatapata tena, na waliochukuliwa kwa uzito na watu wazima waliokuwa upande wa pili wa kioo. Curtis alifariki mwaka 2006 na Parker mwaka 2023. Dark Shadows sasa inapatikana mtandaoni, na anayeianza leo anaweza kuitazama yote mfululizo bila kukimbia popote, ikiwa pamoja na ile sehemu ya 1219, ambayo ABC haikuihifadhi na mtazamaji wake aliihifadhi.